Kupima maji ya mlango wa Pangani mwaka hadi mwaka

Chota maji ya Mto Pangani karibu na kivuko cha Bweni saa ya maji kupwa wakati wa masika, kisha rudi hapo hapo baada ya saa sita, maji yamejaa. Ukionja vikombe viwili bila kuambiwa vimetoka wapi, utaapa ni mito miwili. Ugumu wote wa kazi hii umekaa hapo: maji ya mlango wa mto hubadilika ndani ya siku moja kuliko yatakavyobadilika kwa miaka kumi, na sisi tunayatafuta yale mabadiliko ya miaka kumi. Kila jambo nitakaloeleza hapa lina shabaha moja, nayo ni kuzuia kelele za siku zisiifunike sauti ya miaka.

Pangani unastahili kazi hii. Maji yake yanatoka Meru na Kilimanjaro, mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, kisha mto unapokea Mkomazi na Luengera kabla ya kupita mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, huu wa mwisho ukiwa umeanza kazi mwaka 1995. Njiani wakulima wanachepusha maji ya kumwagilia, miji inakunywa, na mashamba ya mkonge yanarudisha maji ya korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, yenye uchachu na taka nyingi zinazooza. Kinachofika baharini ni mabaki ya maamuzi ya watu wengi wa juu, na wanaolipa ni wa chini: mwenye minazi ukingoni ambaye anaona chumvi ikipanda, mvuvi wa kamba, na mama anayechota maji mtoni.

Kwa hiyo maswali ni manne. Chumvi inapanda hadi wapi? Oksijeni ya chini inatosha viumbe kupumua? Virutubisho, yaani naitreti, fosfeti na wenzao, vinaongezeka? Tope linaloletwa na mto linapungua au linazidi? Andika maswali haya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi. Atakapokuja mfadhili na kifaa kinachopima kitu cha tano, rudi kwenye ukurasa huo kabla ya kusema ndiyo.

Saa, mwezi na mtego wa Jumatatu

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kujaa kwa kesho kunachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko kwa leo. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa upande wa Tanga hupita mita 3. Wakati wa maji mafu inakuwa ndogo sana. Haya kila mvuvi anayajua. Ambalo waandaaji wa mipango hulisahau ni kwamba kwetu bamvua ina saa zake: hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume, yanajaa karibu na saa nne.

Sasa tazama ratiba inayopendwa na ofisi nyingi: kila Jumatatu ya pili, saa nne asubuhi. Inaonekana ya nidhamu. Lakini mzunguko wa bamvua hadi bamvua ni siku 14.77, na ratiba ni siku 14. Kila safari inatangulia mwezi kwa robo tatu ya siku. Utaanza kwa kupima maji yaliyokupwa, baada ya miezi michache utajikuta unapima yaliyojaa, kisha utarudi ulikoanza, na duara lote linachukua siku kama 270. Kwenye grafu litatokea wimbi zuri la miezi tisa la chumvi kupanda na kushuka. Mtu atalifasiri kuwa ni mvua, au ni mitambo ya umeme. Ni kalenda tu.

Dawa ni kupanga safari kwa maji, siyo kwa siku ya juma. Kwa swali la chumvi, pima wakati wa bamvua, maji yanaposimama baada ya kujaa, maana ndipo chumvi imefika mbali kabisa juu ya mto. Mara moja kwa mwezi inatosha, na chukua jedwali la maji la Tanga la mwaka mzima, weka alama siku 12, ziidhinishwe mapema pamoja na mafuta ya boti.

Kuna mtego ndani ya dawa hii nao. Ukipima bamvua ikiwa imejaa, utakuwa mtoni saa kumi jioni kila mara. Mwani umeshinda juani ukitengeneza oksijeni tangu asubuhi, kwa hiyo oksijeni yako itakuwa nzuri mwaka mzima, ilhali kiwango cha chini kabisa hutokea kabla ya mapambazuko, wakati viumbe wote wamepumua usiku kucha bila mwanga. Ratiba iliyo sahihi kwa chumvi inaficha tatizo la oksijeni. Mimi naona suluhisho la haki ni kuzigawa kazi mbili: safari ya kila mwezi kwa chumvi na virutubisho, na kifaa kinachobaki majini kikirekodi oksijeni mchana na usiku. Asiye na kifaa atie nanga kituo kimoja kwa saa 25, apime kutoka juu hadi chini kila saa, mara moja kiangazi na mara moja masika. Ni kazi ya kuchosha, ila saa 25 hizo zinafundisha tabia ya mto kuliko safari nyingi za haraka.

Na tafadhali, saa. Kwenye karatasi za mtoni, nahodha husema saa nne, mtaalamu huandika 10:00, mwanafunzi anayeingiza data huona "4" na kuandika 04:00. Kosa la saa sita. Kwenye bahari ambayo hujaa na kupwa kila saa sita na kidogo, kosa hilo linageuza kujaa kuwa kupwa, na hakuna programu itakayoligundua kwa sababu 04:00 ni saa halali. Amueni mfumo mmoja wa tarakimu nne, uchapwe kwenye fomu, na kando yake kuwe na kisanduku cha kuweka alama: maji yanajaa, yamesimama, yanapwa. Kisanduku hicho ndicho shahidi wa saa.

Vituo

Vituo saba vinatosha kwa mto wa ukubwa huu: kimoja nje kidogo ya mdomo, kimoja karibu na kivuko, halafu kila kilomita 3 au 4 kupanda, hadi kiwepo kituo kimoja ambacho hakijawahi kuonja chumvi. Hicho cha mwisho kinadharauliwa kwa sababu kila mara kinasoma karibu na sifuri. Kiache. Siku kitakapoacha kusoma sifuri ndiyo siku taarifa yako itakapokuwa na uzito kuliko zote.

Andika nafasi ya kila kituo kwa GPS, lakini usitegemee hiyo peke yake. Mkondo mkuu wa mto huhama, mchanga wa mdomoni hujijenga upya kila msimu wa kusi na kaskazi, na nafasi ile ile inaweza kuwa kina cha mita 6 mwaka huu na mita 2 baada ya mafuriko. Andika kina kila safari, na kanuni iwe "sehemu yenye kina kirefu zaidi kwenye mstari huu wa kuvuka mto", ukingo hadi ukingo, na alama za nchi kavu zisizohama kama nguzo au jengo. Mti haufai, mikoko hukatwa.

Pamoja na vituo visivyohama, rekodi kitu kimoja kinachohama: umbali kutoka mdomoni hadi pale ambapo chumvi ya chini ni 2, yaani kama gramu 2 kwa kila kilo ya maji. Kwenye Ghuba ya San Francisco, Marekani, kipimo cha namna hii, kinachohesabiwa kwa kilomita kutoka Golden Gate, kimeingizwa hadi kwenye kanuni za ugawaji wa maji ya mito, kwa sababu hakimu na mkulima wanakielewa bila kufundishwa kemia. Pangani pia inakihitaji. "Chumvi imefika kilomita kadhaa" inasikika katika kikao cha kijiji. "Upitishaji umeme umeongezeka" hausikiki.

Kukipata kunadai mbio. Wimbi la maji kujaa hupanda mto kwa mwendo unaotegemea kina: kwa kina cha mita 4 ni kama mita 6 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Maana yake maji yanaposimama mdomoni, kilomita 10 juu bado yanapanda kidogo na yatasimama karibu nusu saa baadaye. Boti inayopanda na kusimama kila kituo kwa dakika 15 itaachwa nyuma, na vituo vya juu vitapimwa maji yakiwa yameshaanza kurudi. Aidha tumia boti mbili, moja ianze katikati, au punguza kazi ya safari ya kupanda iwe chumvi tu, dakika tatu kila kituo, na chupa za maji zijazwe wakati wa kushuka. Njia ya pili ni rahisi na ndiyo ningeichagua.

Kushusha kipimo majini

Maji ya chumvi ni mazito, yanapita chini kama kabari huku maji matamu yakiteleza juu. Wakati wa masika juu panaweza kuwa na maji ya kunywa na mita 3 chini pakawa na bahari. Anayepima uso wa maji tu, anapima mto na kuuita mlango wa mto. Shusha kipimo kuanzia sentimita 30 chini ya uso, kila nusu mita, hadi nusu mita juu ya tope la chini. Ukigusa tope, inua, subiri dakika moja mkondo uondoe vumbi ulilolitimua, kisha soma tena.

Mkondo ukiwa na nguvu kebo inalala, na alama za mita zilizofungwa kwenye kebo zinadanganya: mita 5 za kebo huenda ni mita 3 na nusu za kina. Tumia kipimo chenye kihisio cha mgandamizo wa maji, na ning'iniza uzito wa kilo 3 hadi 5 chini yake, kamba ya uzito ipite pembeni ya vihisio isivigonge. Kila kina subiri namba zitulie. Joto hutulia haraka, oksijeni inaweza kudai dakika nzima, hasa unapovuka mpaka wa maji matamu na chumvi.

Chumvi yenyewe haipimwi moja kwa moja. Kifaa hupima upitishaji umeme na joto, kisha hukokotoa. Maji ya bahari yenye chumvi 35 hupitisha takriban milisimensi 53 kwa sentimita kwenye nyuzi joto 25. Kwa hiyo kurekebisha kifaa kwa myeyusho sanifu wa maikrosimensi 1,413, ule unaouzwa kila mahali kwa ajili ya maji ya bomba, na kisha kwenda nacho baharini ni kama kupima gunia la mahindi kwa mizani ya dhahabu. Rekebisha kwa myeyusho wa 50,000, halafu hakiki kwa 12,880 na 1,413 bila kurekebisha tena. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia 3, osha kihisio kwa brashi laini na sabuni, rudia. Andika namba zote mbili, kabla na baada ya kurekebisha. Hiyo "kabla" ndiyo inayokwambia vipimo vya mwezi uliopita vilikuwa na kasoro kiasi gani, na ndiyo watu wengi wanaiacha.

Kwenye oksijeni kosa kubwa ni moja na linapatikana kila pwani. Maji matamu ya nyuzi 28 yakijaa oksijeni hubeba karibu miligramu 7.8 kwa lita. Maji ya bahari ya joto hilo hilo hubeba kama 6.4 tu. Kifaa kinajua tofauti hii ikiwa tu kinaambiwa chumvi. Kikiwa kimewekwa chumvi sifuri tangu siku kilipotumika ziwani, mdomoni mwa Pangani kitaongeza miligramu 1.4 ambazo hazipo. Hakikisha kifaa kinasoma chumvi chenyewe, na rekodi asilimia ya ujazo pamoja na miligramu, maana asilimia haiathiriki na kosa hilo na itakuwezesha kulisahihisha baadaye. Kofia ya kihisio cha oksijeni kinachotumia mwanga ina maisha ya mwaka mmoja hadi miwili. Andika tarehe ya kuibadilisha kwa rangi juu ya kifaa chenyewe.

Pia shusha kisahani cha Secchi, kile kinachoshushwa hadi kisionekane tena ili kupima uwazi wa maji, bila kukiona cha kizamani. Padri Angelo Secchi alikianza mwaka 1865, hakina betri, hakihitaji kurekebishwa, na kipimo cha leo kinalingana na cha miaka 50 ijayo ilimradi kisahani kiwe cha kipenyo kile kile na kishushwe upande wa kivuli wa boti, bila miwani ya jua. Vifaa vya umeme vya utope havina sifa hiyo. Kimoja hutumia mwanga mweupe, kingine mwanga usioonekana wa nanomita 860, na kwa maji yale yale hutoa namba tofauti. Ukibadilisha aina katikati ya mfululizo, mto utaonekana umesafika usiku mmoja.

Chupa

Chupa za virutubisho ziwe za plastiki ngumu, zilizolowekwa kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 usiku mzima na kusuuzwa mara tano. Sabuni ya kawaida haifai, nyingi zina fosfeti. Chupa za kioo huachia silika. Moshi wa sigara unaingiza amonia, kwa hiyo asiwepo mvutaji upande upepo unakotoka, na mkono uliotoka kushika injini usishike mdomo wa chupa. Maji ya kusuuzia yapimwe kwanza: yale yanayouzwa kama maji ya betri wakati mwingine ni safi kweli, wakati mwingine ni maji ya bomba yaliyochujwa. Kifaa cha upitishaji umeme kitakwambia kwa sekunde tano.

Chuja hapo hapo botini kwa sindano kubwa na kichujio cha maikromita 0.45, mililita 20 za kwanza zisuuze na kumwagwa. Usiposubiri kuchuja hadi nchi kavu, bakteria hawatapata saa tatu za kula naitreti yako. Kisha weka kwenye barafu, na jioni kwenye friza, isipokuwa chupa ya silikati, yaani silika iliyoyeyuka majini. Silikati ikigandishwa, hasa kwenye maji yenye chumvi kidogo, hujishikamanisha na haionekani tena yote kwenye kipimo hata barafu ikiyeyuka. Ikae kwenye jokofu, nyuzi 4, gizani. Ninalitilia mkazo kwa sababu silikati ndiyo alama nzuri ya maji ya mto, na mabwawa huipunguza, kwa hiyo kwenye mto wenye mabwawa kama huu ukiipoteza umepoteza nusu ya hadithi.

Klorofili, yaani kipimo cha wingi wa mwani, hukusanywa kwa kuchuja maji kwenye karatasi ya nyuzi za kioo hadi ianze kuwa na rangi. Andika ujazo uliopita, maana bila ujazo karatasi hiyo haina thamani. Ikunje, ifunike kwa foili, igandishe mara moja. Kwa uzito wa tope ni mtindo huo huo, ila suuza karatasi mara tatu kwa maji safi baada ya kuchuja: ikibakiwa na nusu mililita tu ya maji ya bahari, utakuwa umekausha na kupima miligramu 17 za chumvi ukidhani ni tope. Hivyo ndivyo kituo cha mdomoni, chenye maji angavu kuliko vyote, kinavyotokea kwenye ripoti kuwa kichafu kuliko vyote.

Kila safari iwe na chupa mbili za ziada. Moja ya maji safi yaliyopitishwa kwenye vifaa vyote kama sampuli, nyingine ni marudio ya kituo kimoja yenye namba ya siri ambayo maabara haiijui. Maabara ikichukia chupa ya siri, tafuta maabara nyingine.

Kifaa kinachobaki majini

Kirekodi kinachopima kila dakika 15 kinajibu maswali ambayo safari haziwezi, hasa mto huu ambao maji yake hupanda na kushuka pia kwa mahitaji ya umeme ya mitambo ya juu. Lakini maji yetu ni ya joto na yana uhai mwingi. Ndani ya wiki tatu utando, mwani na vijidudu vya magamba vinavyoganda kwenye nguzo na ngalawa vitakuwa vimekivaa kifaa kizima. Kila kihisio kina namna yake ya kuugua. Cha chumvi husoma chini kidogo kidogo, kwa sababu uchafu unajaza nafasi ya umeme kupita, kwa hiyo utaona maji yakizidi kuwa matamu. Cha utope hupanda taratibu kisha hubaki juu. Cha oksijeni husoma chini usiku kuliko ilivyo, kwa kuwa utando ulioko juu yake unapumua.

Kifunge kwenye nguzo ya gati ndani ya bomba la plastiki la inchi 4, lenye matundu makubwa kiasi cha kupitisha ngumi, maana yakiwa madogo maji ya ndani yatatuama na tope litajaa. Zungushia utepe wa shaba karibu na vihisio, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji amekataza. Kitembelee kila wiki mbili hadi tatu, na utaratibu wa ziara usibadilike: soma kikiwa kichafu palepale, pembeni yake kukiwa na kifaa cha pili kilicho safi. Kitoe, kioshe, kirudishe, soma tena. Tofauti ya kabla na baada ya kuosha ni kosa la uchafu. Kisha kiweke kwenye myeyusho sanifu: tofauti hapo ni kosa la kifaa chenyewe kuhama. Makosa haya mawili hujumlishwa na kusambazwa kurudi nyuma hadi ziara iliyopita. Kizingiti kinachotumika na idara ya jiolojia ya Marekani ni kizuri kuazima: sahihisha kosa likizidi nyuzi 0.2 za joto, asilimia 3 za upitishaji umeme, miligramu 0.3 za oksijeni, au 0.2 ya pH.

Ulinzi ni wa watu. Kufuli huwaambia wezi kuna cha thamani. Wenye gati na wavuvi wanaoegesha hapo wakijua kifaa kinafanya nini na wakiona grafu ya chumvi imebandikwa kwenye banda lao kila mwezi, watakilinda.

Namba zikishapatikana

Karatasi ya mtoni ni ya penseli na haifutwi, hukatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa upya pembeni. Faili ghafi halifunguliwi kwa kuhariri kamwe, masahihisho yanakaa kwenye nakala yenye maelezo ya nani, lini na kwa nini. Maabara ikisema "chini ya 0.01", andika hivyo kwenye safu yake. Usiandike sifuri. Maabara ikinunua mashine bora na kikomo kikashuka hadi 0.001, sifuri zako za zamani zitaufanya mto uonekane umeanza kuchafuka.

Vizio vinaua mifululizo mingi. Naitreti inaweza kuripotiwa kama naitreti nzima au kama naitrojeni iliyomo, na ya kwanza ni mara 4.43 ya pili. Fosfeti ni mara 3.07 ya fosforasi. Mtaalamu mmoja akistaafu na mwingine akaingia, kizio kinaweza kubadilika bila mtu kutamka neno. Kizio kiandikwe ndani ya jina la safu, kwenye kila faili.

Kubadilisha kifaa au maabara hakuepukiki kwa miaka 20. Ukibadilisha, endesha vyote viwili sambamba kwa mwaka mmoja, au angalau kiangazi kimoja na masika moja, ili uwe na daraja la kuvukia kutoka namba za zamani kwenda mpya. Fedha ya mwaka huo wa sambamba iombwe pamoja na fedha ya kununulia kifaa.

Halafu subira ya kutafsiri. Jaribio la Kendall la misimu, hesabu ya kitakwimu ya kutafuta mwelekeo, inayolinganisha Januari na Januari na Aprili na Aprili, hudai angalau miaka mitano ya kila mwezi, na kwa Afrika Mashariki mitano ni michache. Anayeanza kwenye ukame wa 2016 na 2017 na kumalizia mwishoni mwa 2019, Bahari ya Hindi ilipoleta mvua kubwa isiyo ya kawaida, atapata mteremko wa chumvi unaopendeza na atautangaza kuwa ni mafanikio ya usimamizi wa bonde. Ondoa kwanza athari ya wingi wa maji: chukua rekodi ya kituo cha kupimia mto cha Korogwe kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani iliyoko Moshi, linganisha chumvi na mtiririko, kisha tafuta mwelekeo kwenye kilichobaki.

Faida ya subira imeonekana kwingine. Ghuba ya San Francisco imepimwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1986 alionekana huko kombe mdogo mgeni kutoka Asia, na kuanzia 1987 mwani wa kiangazi wa sehemu ya juu ya ghuba ulikoma kustawi, kombe wakiuchuja wote. Wangekuwa wameanza kupima 1988, wangedhani hali hiyo ya ufukara ndiyo asili ya mahali pale, na pasingekuwa na mtu wa kuuliza mwani ulikwenda wapi.

Fedha ikipungua, na itapungua, punguza kwa mpangilio huu. Kwanza toa vipimo vya maabara vya gharama, ubakize naitreti, fosfeti na silikati. Kisha toa vituo vya katikati, kutoka saba hadi vinne, ukiacha cha mdomoni, cha kivukoni, kimoja kwenye eneo ambalo chumvi hucheza zaidi, na kile cha mwisho cha maji matamu. Kisha simamisha kirekodi, ukioshe, ukihifadhi kikavu bila betri. Safari ya kila mwezi usiiguse. Kisahani cha Secchi, kipimo cha upitishaji umeme cha bei nafuu chenye kebo ya mita 10, kipimajoto na daftari vinabebeka kwenye mtumbwi wa kasia, na mwezi wenye namba tatu sahihi una nafasi kwenye mfululizo. Zisipoandikwa mwezi huo, hazitapatikana tena.